Kitambulisho cha Santo Niño

Asubuhi kwenye jipni, daladala ya hapa Cebu, kijana aliyekaa mkabala nami alikuwa amempakata Santo Niño, sanamu ya Mtoto Yesu. Dada wa pembeni yake, naye mtu wa kompyuta kama yeye kwa jinsi vitambulisho vyao vya shingoni vilivyoonyesha, alisogeza mikate yake ili Mtoto asibanwe. "Unampeleka kubarikiwa?" akauliza.

"Namrudisha kazini, dada. Bosi mpya, mgeni, alisema chumba cha mitambo ya kompyuta si mahali pa kukaa asiye na kazi. Nikamtoa Ijumaa. Jumamosi mitambo yote ikazimika."

"Ilizidiwa na joto, mdogo wangu. Bwana hana kisirani hicho."

"Kwani kazini kwenu hamna Santo Niño?"

Dada akatazama nje. "Tunaye. Lakini wetu ana sare ya kampuni."

"Bosi akimwona tena, nafukuzwa. Nisipomrudisha, wenzangu watanila mbichi."

"Basi mpe kitambulisho. Ndiye mfanyakazi pekee ambaye hajawahi kusingizia homa."

Nilicheka, Mungu anisamehe. Kijana akavua kitambulisho chake, akamvika Mtoto. Kikaning'inia hadi miguuni, na dada akakifupisha kwa fundo, polepole, kama anamwandaa mwanawe kwenda shule.

Kijana akagonga dari kuomba kushuka, tukasimama mbele ya ofisi yao, akashuka na Mtoto. Mlinzi wa getini akadai kitambulisho. Kijana akainua sanamu. Mlinzi akakisoma, akamtazama Mtoto, akafanya ishara ya msalaba. Jipni ikaondoka kabla sijajua kati ya wale wawili nani aliruhusiwa kuingia.