Magogo Kwenye Njia ya Ng'ombe Wangu

Kaeni, ndugu zangu. Mimi nitasimama, maana neno langu halisemeki nikiwa nimekaa. Mwalimu wetu wa dini ameniomba nieleze jinsi nilivyoanguka na jinsi nilivyoinuka. Akaniambia pia, taratibu, nimalizie kwa kusamehe. Mwalimu, nimekusikia. Hayo mawili ya kwanza nitayaeleza. Hilo la tatu tutaliona tukifika.

Wengi mnanijua. Mimi ni Mama Kulwa, mama wa wale pacha. Baba Kulwa alikwenda Geita wanaume walipokuwa wakikimbilia dhahabu, na mpaka leo yeye dhahabu hajaiona wala mimi sijamwona. Huo ni ushuhuda wa siku nyingine. Aliniachia watoto wawili, zizi la ng'ombe na shoka.

Mtu ambaye habari hii inamhusu simtaji jina. Nitamwita nyapara, kwa kuwa ndiyo kazi aliyokuwa nayo. Tafadhalini msigeuze shingo kumtafuta. Tazameni huku mbele.

Mnakumbuka pori lilivyokuwa limetukaribia. Mbung'o walikuwa wanatoka vichakani mpaka mlangoni. Wakimuuma ng'ombe, anakonda, machozi yanamtiririka, manyoya yanasimama, mwisho anaanguka na hainuki. Mtemi akaamuru: kila kiangazi ngoma ikilia, kila nyumba itoe mtu akafyeke. Pori likiondoka, mbung'o hana kivuli cha kukaa. Kila kijiji kikapewa sehemu yake, na kila sehemu nyapara wake. Nyumba yangu haikuwa na mwanamume, basi nilikwenda mimi na shoka la Baba Kulwa.

Ndugu zangu, nawaambia, kuangusha mti ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuondoa ulichoangusha. Ukikata mgunga, uuvute hapo hapo kabla hujagusa wa pili. Magogo yakae chini, juu ya visiki, ili moto ukija uunguze na kisiki kisichipue. Matawi yafuate, vichwa vyote upande mmoja, uyakanyage yashikane. Miiba juu kabisa. Jua linakausha, mvua ikija inaishia juu. Ukifanya hivyo, jioni unaweza kula ugali wako pale ulipokuwa unafanya kazi na usichomwe. Hili hakuna asiyelijua hapa. Hata nyapara alilijua.

Ila nyapara alipenda sifa. Alitaka Mtemi akipita aseme, "Looo, huyu amefyeka mpaka kule!" Kwa hiyo watu wake walikata na kusonga mbele, wanakata na kusonga mbele, na nyuma yao mti ulilala ulipoangukia. Watu walikuwa wanaruka matawi kama mbuzi. Mmoja alichomwa mwiba ukatokea upande wa pili wa mguu. Mashoka yalipotea humo ndani. Na chini ya matawi yale nyasi zikaota, visiki vikachipua, mbung'o wakarudi kivulini wakishukuru kutengenezewa nyumba.

Nikasema. Ndiyo, nilisema, tena mbele ya watu wote, siku mwanangwa wetu, mkuu wa kijiji, alipotuita kuzungumza kazi. Nikamwambia nyapara, "Baba, wewe hufyeki pori, unalilaza tu usingizi." Watu wakacheka. Mwanangwa mwenyewe akacheka hadi akashika tumbo. Nyapara hakucheka.

Kesho yake alipeleka vijana wake kwenye korongo langu. Mnalijua lile korongo, lina upenyo mmoja tu wa kushukia kisimani, na ndiyo njia ya ng'ombe wangu. Akaangusha miti mikubwa pale, mmoja juu ya mwingine, akaiacha na matawi yake. Nikamfuata. Nikamwambia, "Baba, hiyo ni njia ya maji." Akanijibu, "Si wewe unayejua kuondoa? Ondoa."

Magogo yale yalitaka wanaume wa kuyavuta. Mimi na watoto wa kunyonya tungeyafanya nini? Ng'ombe wakalazimika kuzunguka kupitia pori ambalo halijafyekwa, penye mbung'o wenyewe. Hamhitaji niwaeleze. Walikwisha mmoja mmoja. Kila nilipochuna ngozi nililitaja jina la nyapara, na sikulitaja kwa kumwombea heri.

Siku niliyokuwa namchuna fahali wetu, ngoma ya kazi ililia na sikwenda. Nyapara alipita pale pale zizini, akaniona nina damu hadi viwikoni. Akapita zake. Huko kijijini akasema, "Mama Kulwa? Amelala. Amesema kazi ya Mtemi haimhusu." Mnajua adhabu yetu kwa anayekataa kazi ya wote. Nikatengwa.

Kwa wageni walioko hapa, kutengwa kwetu ni hivi: hakuna atakayekusalimia, hakuna atakayekusaidia, na hakuna atakayekupa moto. Atakayekupa moto, au atakayepokea moto wako, naye ametengwa, mpaka atoe mbuzi aliwe na kijiji kizima. Mimi ningeweza kutoa mbuzi. Sikutoa. Ningelipaje faini ya uongo?

Hapo ndipo nilipoanguka. Alibaki ng'ombe mmoja tu, na ndama wake ananyonya. Pacha wangu waliishi kwa maziwa yake, maana yangu yalikuwa yamekauka kwa majonzi. Nikaapa huyu hatapita porini. Nikamfunga nyumbani. Nikawa nateka maji kisimani, napanda ukingo wa korongo na mtungi kichwani, namnywesha yeye, narudi kumtekea ndama, narudi kututekea sisi. Ng'ombe anakunywa jamani! Shingo yangu mpaka leo haigeuki vizuri. Nilijua mwili wangu hautafika masika. Na ukishindwa mwili, ng'ombe anakwisha, na wanangu wanamfuata.

Kisha moto wangu ukazimika. Nilirudi kutoka kisimani nikakuta jivu la baridi. Nyumba zote zinafuka moshi, yangu haina. Nililia, ndugu zangu. Sikulilia ng'ombe, lakini jivu lile lilinitoa machozi.

Asubuhi yake akapita Mama Limi, jirani yangu, ajuza aliyekuwa anatembea ameinama. Alikuwa amebeba kigae chenye makaa. Hakunitazama. Alipofika mbele ya mlango wangu akakiweka kigae chini, akasema akitazama mawingu, "Uzee huu! Kila nikibeba kitu kinaniponyoka." Akaenda zake. Hakunipa moto. Aliuangusha tu. Na kila moto wangu ulipozimika, mikono ya bibi yule iliishiwa nguvu pale pale mlangoni kwangu.

Makaa yale yaliniamsha. Nikasema, mimi sitakufa, na huyu nyapara atanijua.

Kutengwa hakukunisamehe kazi ya Mtemi. Mwanangwa alinipimia kipande changu peke yangu, kinapakana na cha nyapara, nifyeke bila kusemeshwa na mtu. Nikashukuru. Nilikuwa nakata mti mmoja, nauvuta, naupanga, ndipo nakata wa pili. Vijana wa nyapara walikuwa mbali mbele wakinizomea. Nikawaacha. Nilisukuma kila tawi mahali pake, na kila tawi nikaliambia, "Wewe ni wa fulani." Nilifagia udongo kuzunguka lundo langu mpaka ukabaki mweupe. Chuki ni mfanyakazi mzuri, ndugu zangu. Haichoki mapema.

Siku ya kuchoma ikatangazwa. Mtemi angekuja mwenyewe, pamoja na yule Mzungu wa mbung'o, aliyetumwa na serikali kuwamaliza. Vipande vingine vyote vilikuwa vimekwisha kuchomwa. Tulibaki nyapara na mimi. Usiku wa kuamkia siku hiyo, mvua ya kwanza ikashuka. Niliisikia juu ya nyasi za paa nikacheka peke yangu kama mwendawazimu.

Asubuhi nilitia kaa la Mama Limi chini ya lundo langu. Juu kulikuwa kumelowa, lakini moyoni mlikuwa mkavu. Likafuka, likanguruma, likashika. Wageni wanafika, magogo yangu yamekuwa mekundu.

Kwa nyapara ilikuwa msiba. Matawi yake yalikuwa yametawanyika bonde zima, yamelowa, machipukizi mabichi yamepita katikati. Makaa waliyoleta kutoka nyumbani yalifanya fyuu, yakafa. Mzungu akatoa kiberiti chake, njiti baada ya njiti, mpaka kikaisha. Mtemi akamwuliza nyapara, "Mbona mnahangaika? Kule kwa jirani yako kuna moto wa kuchoma nchi nzima. Kachukueni."

Nyapara akawatazama vijana wake. Vijana wakatazama miguu yao. Nani atoe mbuzi kwa kosa la mwingine? Mkuki kwa nguruwe mtamu! Mwisho akaokota kigae, akaja mwenyewe. Mtemi, Mzungu na kijiji kizima wakamfuata kwa nyuma waone.

Mimi nilikuwa nimekaa kwenye udongo wangu safi. Sikuinuka.

"Nipe moto," akasema.

"Baba, salimia kwanza."

Akatoa salamu. "Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka, baba. Za siku nyingi? Unataka nini?"

"Moto."

"Sema kwa sauti. Mtemi yuko mbali."

"Moto! Nimekuja kuomba moto!"

Ah, ndugu zangu. Nimekula asali ya porini, nimekula nyama ya harusi, lakini neno lile lilikuwa tamu kuliko vyote.

Nikamwambia, "Moto upo. Ila njia ya kutoka nao imezibwa. Kuna magogo kule korongoni, uliyaacha. Yaondoe, ndipo tuzungumze. Uyapange vizuri, magogo chini, matawi juu. Unajua kupanga?"

Mtemi akauliza ni magogo gani. Nikamweleza, kuanzia kicheko cha kijijini mpaka fahali wangu. Akamgeukia nyapara. "Ulimwona anachuna?" Nyapara akageuza kigae mkononi. Mtemi hakuuliza mara ya pili. Alimwonyesha tu korongo kwa fimbo yake.

Alivuta yeye na vijana wake, nyapara akiwa mbele, miiba inamchana, mimi nimesimama juu ya ukingo namwelekeza: "Lile tawi umelisahau, baba. Na lile pale." Nilimfagiza mpaka majani. Walipomaliza nilikwenda nyumbani, nikamfungua ng'ombe wangu na ndama, nikawapitisha pale katikati ya watu wote, wakashuka, wakanywa maji kwa midomo yao wenyewe. Ndipo nilipokaa chini. Nilijua wanangu wataishi.

Kisha nikachukua kaa. Ningeweza kuliangusha chini kama Mama Limi, asiwe amelipokea kwangu. Nililifikiria hilo. Nikamwambia, "Leta kigae. Pokea kwa mikono miwili." Akapokea, macho yote yanaona. Dawa ya moto ni moto. Jioni ile ile kijiji kikaniondolea kutengwa, na mbuzi aliyeliwa alitoka zizini kwake. Mimi nilipewa maini.

Basi namshukuru Mungu aliyeleta mvua kwa wakati. Nawashukuru vijana walioona aibu wakaja baadaye kunisaidia kulima. Na Mama Limi, ambaye tulimzika mwaka jana, namshukuru mbele yenu nyote, kwa sauti, kwa kuwa alipokuwa hai hakutaka nimshukuru. Alikuwa akisema hakunipa kitu.

Fundisho langu ni hili: ulichokikata, kiondoe siku ile ile. Ukikiacha nyuma yako kitachipua, na watakaotoka humo watakuuma wewe.

Mwalimu, naona unanitazama. Unasubiri lile la tatu. Nimeshaanza kulikusanya, nimelipanga vizuri, magogo chini, matawi juu. Halijakauka bado. Likikauka nitalichoma, na utaniona nalichoma.

Na wewe, baba, uliyekaa pale karibu na mlango. Nimepita kwenye shamba lako jipya leo asubuhi nikija hapa. Matawi umeyaacha tena chini, na mawingu yameanza kujikusanya. Moto wangu unawaka. Ukitoka hapa, njoo na kigae chako.

Ila salimia kwanza.