Mzima Namba Saba

Ndugu, jamaa, majirani na wafanyakazi wenzake mliofika, familia imemkabidhi kaka mkubwa wa marehemu kazi ya kuisoma historia hii, na kwa kuwa yeye mwenyewe amo ndani yake, tena si kwa sifa njema, atajitaja kama anavyowataja wengine, kaka mkubwa, asije akapata mwanya wa kujipendelea.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Hakiki, alizaliwa tarehe 14 Agosti 1965, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, akiwa mtoto wa pili kati ya wanne wa fundi wa kuchomelea vyuma na mama mshona nguo. Mama alishikilia mpaka mwisho kwamba ilikuwa tarehe 13, kadi ya kliniki ikasema 14, na marehemu, akiwa na umri wa miaka tisa tu, alimfuata mkunga hadi nyumbani kwake, akamhoji kama hakimu, akarudi na jibu la 14, na tangu siku hiyo jina la Hakiki likamganda. Katika ukoo huu shaka hurithiwa kama pua, na kaka mkubwa alirithi fungu nono kuliko wote.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa ng'ambo ya barabara, kuanzia Januari 1973 hadi Novemba 1979, kisha sekondari mwaka 1980 hadi 1983, ambako mwalimu aliandika kwenye ripoti yake kwamba ni mwanafunzi hodari ila anabishana na majibu yaliyo nyuma ya kitabu, na baadaye, mwaka 1986 hadi 1988, alisomea ufundi wa vifaa vya macho.

Tarehe 1 Februari 1989 aliajiriwa katika kliniki ya macho ya hospitali kubwa, akaanza kwa kukata vioo vya miwani, na mwezi Mei 2004 akahamishiwa chumba cha giza, chumba kisicho na dirisha, ambamo mgonjwa hukaa dakika ishirini bila mwanga, ndipo uzi mwembamba huwekwa kwenye ukingo wa jicho lake, taa ikamulika mara moja, na mashine ikachora wimbi la umeme unaotoka kwenye retina, yaani ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Kila asubuhi saa mbili kasorobo, kabla ya mgonjwa wa kwanza, marehemu alijipima jicho lake la kulia na kuandika daftarini kimo cha wimbi kwa maikrovolti, vile vipimo vidogo vya umeme, maana alisema hawezi kuiamini mashine iliyolala peke yake.

Alifunga ndoa tarehe 10 Desemba 1994 na mwalimu wa hesabu, mbele ya msajili, ambaye alilazimika kukisoma upya cheti kwa sababu bwana harusi alikitilia shaka, na kweli mwaka ulikuwa umekosewa. Walijaliwa watoto wawili, binti tarehe 3 Juni 1996 na mwana tarehe 21 Septemba 1999. Kaka mkubwa hakumpenda shemeji yake tangu mwanzo, akisema mwanamke anayecheka kwa nadra namna ile lazima kuna jambo analificha.

Mwezi Januari 2016 alifika kliniki daktari mtafiti, aliyetaka kujua kama wimbi la retina huwa fupi kwa watu wenye sonona, ule ugonjwa wa huzuni isiyoondoka, ili pengine siku moja kipimo hicho kisaidie kuutambua. Marehemu aliona ni porojo, akamwambia usoni kwamba huzuni iko moyoni na jicho ni shahidi wa kusikia tu, lakini kazi ni kazi, na kwa kuwa walitafutwa pia watu wenye afya wa kulinganishia, naye akaandikishwa kwa jina la Mzima Namba Saba.

Mwezi Machi wimbi lake lilikuwa mia nne, Julai mia tatu na ishirini, na Oktoba mia mbili na sabini, naye akaishuku mashine. Alibadilisha uzi, akaagiza taa mpya, akaziba upenyo wa chini ya mlango kwa blanketi, akamtuhumu mfagizi kwamba anaingiza mwanga, wakanuniana wiki mbili nzima, kisha akamwomba muuguzi mwenzake naye apimwe kila asubuhi, na wimbi la muuguzi likasimama palepale, mia tatu na tisini, siku kumi mfululizo. Marehemu alishuku kila kitu chumbani isipokuwa mwenye jicho.

Tarehe 4 Novemba 2016 alilipeleka daftari kwa daktari mtafiti, ambaye alimweleza kwamba umri, kisukari, dawa na mengine mengi huweza kulifupisha wimbi, kwamba utafiti wake haujathibitisha chochote na hakuna mtu wa kuambiwa ana sonona kwa mchoro peke yake, lakini akamuuliza, analalaje siku hizi? Marehemu akakiri kwamba halali, chakula hakipiti, mwaka mzima hajaona la kumchekesha, na mkewe humuuliza kila siku naye humjibu ni uchovu tu. Daktari wa magonjwa ya akili alimwona wiki hiyohiyo, akaithibitisha sonona kwa mazungumzo marefu, si kwa mashine, na marehemu akaandika kwa watafiti barua ya mstari mmoja, kwamba Mzima Namba Saba aondolewe kwenye orodha, si mzima.

Alipewa vidonge, akamwomba mkewe avisimamie, kwa kuwa alijijua, angevishuku na kuviacha, na akamwomba pia asimwambie mtu, naye mkewe akaitunza siri hiyo, ikamgharimu.

Mwezi Aprili 2019 kaka mkubwa alikuja kukaa wiki moja, akachungulia jikoni, akamwona shemeji akimwekea mumewe kidonge kiganjani na kusubiri mpaka kimemezwa, na badala ya kuuliza akajiambia leo nimemkamata. Shemeji alipokwenda kufundisha, kaka mkubwa alichukua kopo, akamwaga vidonge vyote chooni, akajaza vya vitamini vilivyofanana navyo. Wiki chache baadaye huzuni ikamrudia marehemu, akalala kitandani, siku arobaini na moja hakwenda kazini, mkewe akidhani dawa imeshindwa, mpaka walipopewa nyingine hospitalini, na muda wote huo kaka mkubwa alipita nyumba hadi nyumba akisema, jamani, yule mwanamke anammaliza mdogo wangu.

Jumanne tarehe 7 Machi 2023, saa nne asubuhi, marehemu alianguka akiwa kazini, na saa tisa alasiri akafariki wodini kwa kiharusi kilichotokana na shinikizo la damu, kama alivyoandika daktari. Kaka mkubwa hakuridhika, akalibeba kopo la vidonge hadi kwa daktari mtafiti, daktari pekee wa kliniki ile aliyesikia marehemu akimtaja, kwenda kulishtaki, na daktari, baada ya kumpigia mjane simu na kupata ruhusa yake, akamweleza ni dawa ya nini, akampa daftari lililobaki kliniki asome. Kwenye ukurasa wa Mei 2019, wa mwisho kabla ya zile siku arobaini na moja, chini ya namba, mwandiko ni wa marehemu: "Dawa imegoma. Nimelishuku duka, nimekishuku kiwanda, nimeushuku mwili wangu. Mke wangu simshuku."

Wazee walishauri sehemu hii isisomwe. Shemeji, hapa natoka kwenye kivuli cha kaka mkubwa, ni mimi niliyeimwaga dawa ya mumeo, na kwa kuwa nilikuchafua hadharani, nakuomba radhi hadharani, na mtu yeyote aliye hapa anayekusengenya, neno hilo alilipata kwangu, na lilikuwa uongo.

Marehemu ameacha mjane, watoto wawili na mjukuu mmoja. Familia inawashukuru daktari wa magonjwa ya akili aliyemsikiliza kwa miaka sita, daktari mtafiti, wauguzi wa wodi, mfagizi aliyemsamehe, wafanyakazi wote wa kliniki ya macho, na majirani mliotupokea.

Mdogo wangu, pumzika kwa amani. Shemeji, nawe ukae kwa amani, hata kama hutanisamehe.