Mzee Emmett Sizemore na Mkoba wa Rais

Mchungaji wetu, majirani wa Tipple Fork, nanyi mliotoka Washington kwa mabasi mawili, familia inawaomba utulivu na uvumilivu, maana karatasi hii iliandikwa upya juzi, na anayeisoma bado hajayazoea maneno yake.

Marehemu Emmett Calloway Sizemore alizaliwa hapa bondeni, Tipple Fork, West Virginia, tarehe 9 Machi 1921, mtoto wa kwanza wa marehemu Virgil, mchimba makaa, na marehemu Opal, akafuatiwa na mdogo mmoja tu, Delbert. Alimaliza shule mwaka 1939, akiwa mwoga wa radi, wa mbwa na wa kuchelewa, na siku baba yao alipomshusha mgodini alirudi juu mweupe kama unga, ikaonekana wazi kwamba riziki yake iko kwenye makaratasi.

Baada ya kutumika vitani kama karani, aliajiriwa Ikulu tarehe 2 Septemba 1946, katika ofisi inayopokea miswada iliyopitishwa na Bunge. Katiba inampa Rais siku kumi, Jumapili hazihesabiwi, ama atie sahihi, ama aurudishe muswada pamoja na sababu za kuukataa. Akikaa kimya siku zikapita, na Bunge liko kazini, muswada unakuwa sheria wenyewe. Marehemu ndiye aliyezihesabu siku hizo, na ndiye aliyebeba mkoba wa ngozi hadi mlangoni pa Bunge, akainama, akatamka kwamba ametumwa na Rais. Mkewe Verna, aliyefunga naye ndoa tarehe 12 Juni 1948 wakajaliwa Ruth Ann na Glenn, alizoea kumwona akigutuka usingizini na kuuliza leo ni siku ya ngapi.

Mwaka wa jambo linalofuata hautajwi, kwa kuwa marehemu hakutaka Rais yule ajulikane. Mnalikumbuka bwawa la maji ya kuoshea makaa, lililokuwa juu ya nyumba zetu likizuiwa na kifusi kitupu, na mnakumbuka tulivyolala na viatu miguuni kila mvua iliponyesha. Bunge lilipitisha muswada wa kuyajenga upya mabwawa yote ya aina hiyo, tukashangilia, lakini Rais akasema fedha hazipo, akaupigia kura ya turufu siku ya kumi, tarehe 18 Februari, na karatasi ya kuurudisha ikatiwa kwenye mkoba wa mtu ambaye mama yake aliishi chini ya bwawa lile.

Kikao cha Bunge cha siku ile kilikuwa kifungwe saa kumi na mbili jioni, na siku ya kumi ingeishia hapo. Marehemu alifika kwenye ngazi saa kumi na moja na robo, akasimama pale, akijua kwamba akiteleza tu na kuvunjika mguu, muswada utakuwa sheria na hakuna atakayemlaumu. Alisimama nusu saa nzima. Alimwogopa Rais, akaliogopa bwawa, lakini alichokiogopa zaidi, kama alivyomsimulia Verna baadaye, ni nchi ambayo karani anaweza kuamua sheria kwa kuteleza, kwa hiyo akapanda, akaingia, akainama.

Wabunge walihitaji theluthi mbili ili kuipindua kura ile, na kwa siku nne simu za Ikulu hazikupoa. Rais aliwapigia watu sitini na mmoja, huyu akamwahidi ujaji kwa mpwa wake, yule akamkaribisha kwenye ndege yake, mwingine akamuulizia tu hali ya mkewe mgonjwa, kisha akahutubia taifa kwenye televisheni kwa sauti ya baba mwenye nyumba. Hakuna hata moja kati ya hayo lililoandikwa kwenye Katiba, na yote yalifanya kazi, kwa sababu wapinzani wake walipungukiwa kura nne.

Tipple Fork ilijua ni nani aliyebeba mkoba. Delbert alimpigia kaka yake simu, akamwambia, "Umemzika mama akiwa hai. Usikanyage tena hapa." Opal alipofariki kwa uzee miaka sita baadaye, Delbert alimkataza kaka yake kushika jeneza, na marehemu akasimama barabarani na kofia mkononi, wengi wenu mlimwona.

Juzi Alhamisi alikuja msibani Bi Lorraine Tibbets, aliyekuwa akiunganisha simu za Ikulu, akaweka mkate wa mahindi mezani, akasema amezeeka mno kuendelea kuogopa. Alisema, kama marehemu alivyomsimulia yeye peke yake kwa kuwa simu alikuwa ameisikia, kwamba asubuhi baada ya kura zile marehemu alipeleka barua za kutiwa sahihi, akaziweka mezani kichwa chini, Rais akamuuliza kama anaumwa.

"Hapana, mheshimiwa. Mama yangu anaishi chini ya bwawa mojawapo, Tipple Fork."

Rais akanyanyua simu, na Bi Lorraine akamuunganishia mwenye kampuni ya mgodi. "Kesho uje tunywe kahawa," Rais alisema, "na uje ukiwa umeshaanza kulipunguza lile bwawa." Kisha akamwambia marehemu kwamba sheria ameikataa, hili ameomba tu, likijulikana miji mia mbili itapanga foleni mlangoni, na kampuni itaona haya na kuacha. Marehemu akaapa kunyamaza, akaogopa kwamba kilichotolewa kwa simu kinaweza kuchukuliwa kwa simu.

Bwawa lilipasuka tarehe 7 Aprili likiwa nusu tupu. Maji yalifika ngazi ya pili ya kibaraza cha Opal, yakarudi, nasi tukamshukuru Mungu, na tulifanya vyema, ila shukrani hatukuzimaliza.

Marehemu alistaafu mwaka 1981, akaugua moyo, akafariki tarehe 3 Novemba 1993, akiwa bado anawauliza wauguzi leo ni siku ya ngapi. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomjibu kila mara, majirani waliopika, na wafanyakazi wenzake, zaidi ya wote Bi Lorraine.

Anayesoma karatasi hii ni Delbert. Leo nitalishika jeneza upande wa mbele, wala sitampokeza mtu hadi kaburini. Ujumbe umefika, kaka. Pumzika, usihesabu tena.