Maud Sugden, Kuku Wake na Tunda la Norman Batty

Wasikilizaji wapendwa, wekeni birika motoni, vuteni viti. Leo tunamkumbuka Maud Sugden wa ploti namba kumi na nne. Maud Sugden, mfuga kuku na mkuza gusberi. Ametutoka Jumatatu iliyopita, akiwa na miaka themanini na sita. Mfukoni mwa koti lake walikuta glavu moja ya bustani. Ya pili haijaonekana. Binti yake, Lorraine, anasema anawashuku kuku.

Nani hapa Thornsby hakumjua Maud? Ukipita kando ya reli, kwenye zile bustani zetu za kukodi, ulimsikia kabla hujamwona. "Funga lango!" Hata kama lango lenyewe hujaligusa. Padri aliambiwa. Msoma mita aliambiwa. Mimi niliambiwa nikiwa bado ng'ambo ya barabara, nimebeba mkate wangu, sina habari na lango la mtu.

Sauti ile aliitoa kiwandani. Alianza kufuma sufu akiwa na miaka kumi na mitano. Mashine zilinguruma kiasi kwamba hata ukipiga kelele sikioni mwa mwenzako hasikii, kwa hiyo wafumaji walijifunza kusomana midomo. Maud alisoma midomo kwa miaka ishirini na minane. Liwekeni hilo kichwani, tutalirudia.

Kisha kiwanda kikafungwa. Miaka mitatu baadaye mumewe, Wilf, akaanguka bustanini, asiinuke tena. Alimwachia Maud kitanda kikubwa, koti la mvua lisilomtosha, na vichaka kumi na viwili vya gusberi kwenye ploti namba kumi na nne. Gusberi zetu hizi, matunda machachu ya kichaka cha miiba, yenye vinyweleo kama shavu la mzee aliyeahirisha kunyoa.

Maud hakujua kulima. Alijua kufuma na kubishana. Mwezi Mei viwavi wakaja, wale wa kijani wenye madoa meusi. Kwa siku nne wakala majani yote. Vichaka vya Wilf vikabaki kama mafagio. Mwaka wa pili hivyo hivyo. Lorraine anakumbuka mama yake amesimama pale, chupa ya chai mkononi.

"Nikamwambia, mama, rudisha tu ufunguo, umeshahangaika vya kutosha. Akanitazama kama nimemtukana. Akasema, 'Lorraine, baba yako alizungumza na vichaka hivi kuliko alivyozungumza na mimi. Siviachii wadudu.'"

Basi Maud akafanya alichojua. Akabishana. Safari hii akabishana na udongo. Akachimba chini ya kichaka mwezi Desemba, akakuta vifuko vidogo vya kahawia, na ndani yake viwavi wamelala wakingoja Mei. Wiki iliyofuata akaja na kuku sita. Kiongozi wao alikuwa Gladys, aliyepewa jina hilo kwa heshima ya mama mkwe wa Maud. Au labda haikuwa heshima, maana Maud alilitamka jina hilo huku akikaza meno.

Kuku chini ya gusberi! Watu walicheka mpaka wakamwaga chai. Lakini Maud alikuwa na utaratibu. Novemba mpaka Machi, kuku wanachakura chini ya vichaka na kula vifuko. Matunda yakianza kutunga tu, kuku nje, kwenye uzio wao, lango limefungwa. Maana kuku hajui mpaka. Leo anakula mdudu wako, kesho anakula tunda lako.

Mwaka ule Mei ilikuja, na ploti namba kumi na nne ikabaki kijani. Lakini hakuna aliyekiri. "Bahati tu," alisema jirani yake wa ploti namba kumi na tano, ambaye pia alikuwa mwenyekiti wa kamati, Norman Batty.

Sasa, wasikilizaji wapendwa, mnajua Agosti yetu ilivyo. Siku ya mizani. Anayeleta gusberi nzito kuliko zote ndiye bingwa wa Thornsby, na hapo hakuna undugu. Mnajua watu wanavyochuma matunda yote machanga na kuacha moja tu kichakani, lile moja linywe nguvu yote. Mnajua wanavyolifungulia mwavuli, kwa sababu mvua ikilizidi hupasuka. Mwaka ule tunda la Norman Batty lilikuwa kubwa kama yai la kuku mchanga. Alikuwa amelipatia mwavuli mzuri kuliko wa mkewe.

Siku moja kabla ya mizani, mchana, mvua ikashuka kama imetumwa. Norman alikuwa nyumbani akila. Na saa ile ile Gladys akatoka, akaingia ploti namba kumi na tano, akalila tunda la Norman Batty. Lote.

Maud angeweza kunyamaza. Kunguru wapo, upepo upo. Lakini alimkwapua Gladys, akamtia kwapani, akapanda kilima kwenye mvua mpaka mlangoni kwa Norman.

"Norman, kuku wangu kala tunda lako."

"Tunda gani?"

"Una mangapi?"

Mkewe Norman alisema baadaye kwamba mumewe aliweka uma chini taratibu sana.

"Alitokaje?" akauliza.

"Lango lilikuwa wazi. Mimi ndiye niliyeliacha wazi." Akaishia hapo. Akageuka, akashuka kilima, kichwa wazi, nywele zinachuruzika maji.

Wiki iliyofuata kamati ikakaa. Ajenda ilikuwa moja: kuku wa Maud Sugden waondoke au wabaki. Na Maud alikuwa ameshamwambia kila aliyetaka kusikia: kuku wakitoka, naye anatoka, na vichaka vya Wilf virudi kwa wadudu.

Alikaa safu ya nyuma kabisa. Mbele, katibu akainama kumnong'oneza mwenyekiti. Hakuna aliyesikia kitu, lakini Maud aliiona midomo. Akajibu kutoka nyuma kule, kwa sauti ya kiwandani:

"Sitachoka kabla ya Krismasi, Bwana Katibu! Wala si mjane masikini. Mimi ni mjane mwenye kuku."

Katibu akawa mwekundu kama bitiruti. Ukumbi ukaangua kicheko. Maud akasimama.

"Nipeni msimu mmoja wa baridi. Nitawahamishia kuku kwa Norman, wachakure chini ya vichaka vyake. Mei ikifika viwavi wakila hata jani moja, kuku wote nawaingiza kwenye sufuria kwa mkono wangu, na ufunguo narudisha. Lakini vichaka vyake vikiwa kijani, msiniulize tena habari ya kuku."

Wakapiga kura. Saba waondoke, saba wabaki. Ikabaki kura ya mwenyekiti, yule yule aliyeliwa tunda. Norman Batty akakohoa, akatazama mikono yake.

"Wabaki," akasema.

Mei ilikuja. Bustani nzima ilikuwa mafagio matupu, isipokuwa ploti mbili. Kumi na nne, na kumi na tano. Agosti ile Norman akashinda, Maud akawa wa pili. Alipompa mkono wa pongezi alimwambia, "Tunda hilo limelelewa na mbolea ya Gladys. Kikombe ukiweke mahali atakapokiona."

Tangu mwaka ule, kila msimu wa baridi, kuku wa Maud wamehama kutoka ploti hadi ploti, kwenye toroli, wiki mbili kila mahali. Miaka thelathini na saba. Kuku wamebadilika. Orodha ya zamu ameiandika Maud mwenyewe kila mwaka, na onyo la chini yake ni lile lile, kwa herufi kubwa: FUNGA LANGO.

Juzi nilikwenda kumpa pole Norman. Sasa ana miaka themanini na minane. Nikamwuliza ilikuwaje akampigia kura mwanamke ambaye kuku wake alikula ubingwa wake. Akafungua droo, akatoa kitambaa cha kichwa, cha buluu, chenye nukta nyeupe.

"Siku ile niliteremka bustanini kwenye mvua, nimejaa hasira," akasema. "Nikakuta mwavuli wangu umefungwa kwenye kigingi kwa kitambaa hiki cha Maud. Upepo ulikuwa umeuangusha, naye akaukimbilia. Ndiyo maana hakufunga lango lake. Alikuja kuokoa tunda langu. Hakuniambia, wala mimi sikumwambia kwamba najua. Tungeonekana wajinga wawili."

Lorraine naye hakuwa anajua. Norman alimpelekea kitambaa, akauliza kama kiwekwe jenezani. Lorraine akasema hapana. Kinahitajika kazini.

Kwa Lorraine, kwa wajukuu, na kwa majirani wote wa kando ya reli, kutoka hapa redioni, poleni sana. Mungu ampumzishe Maud Sugden wa ploti namba kumi na nne. Na sisi tuliobaki tujiulize usiku wa leo, mvua ikinyesha: mwavuli wa jirani umesimama, au umeanguka nasi tunautazama dirishani?

Mazishi ni Ijumaa, saa tano asubuhi. Jumamosi saa nane mchana, kama orodha yake ukutani inavyosema, kuku wanahama kutoka kumi na nne kwenda ishirini na mbili. Norman Batty atamshika yule wa mbele. Lorraine atasukuma toroli. Njooni msaidie. Lango mtalijua, lina kitambaa cha buluu chenye nukta nyeupe.

Mkishaingia, lifungeni vizuri.