Masomo Tisa Kati ya Kumi na Mawili

Ndugu, majirani, wanafunzi wake wa zamani na nyote mliofika kutushika mkono, familia imenipa mimi, mtoto wa dada yake, kazi ya kusoma maisha ya mama mdogo, na kwa kuwa marehemu hakuwahi kuvumilia habari isiyo na tarehe, tutakwenda na tarehe zote, hata zile ambazo baadhi ya waliokaa mstari wa mbele wangependa tuziruke.

Marehemu alizaliwa Jumapili, tarehe 14 Machi 1954, katika nyumba ya vyumba viwili iliyokuwa nyuma ya kibanda cha baba yake, fundi saa, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita, na mama yake, mshonaji wa sare za shule, alikuwa akisimulia kwamba binti huyu alijua kusoma saa kabla hajajua kufunga kamba za viatu, na kwamba kaka zake wakiiba sukari hakuishia kuwasemea kwamba wameiba, alitaja na dakika.

Alianza shule ya msingi Januari 1962, akitembea kila siku kando ya reli, akamaliza 1968, akaendelea na sekondari ya wasichana hadi 1972, kisha akaingia chuo cha ualimu mwaka 1973 na kuhitimu Novemba 1975, ambapo mkufunzi wake wa historia aliandika kwenye ripoti kwamba mwalimu huyu ni hodari, mpole kwa watoto, ila haruki kitu, na yeye aliichukua ripoti hiyo kama sifa, si lawama.

Januari 1976 alipewa darasa la tatu katika shule ya msingi, na humo alikaa miaka ishirini na miwili, akifundisha bila fimbo na bila kejeli, kwani mtoto aliyekosa jibu aliulizwa tu ni nini kilitokea kabla ya hapo, na kabla ya hapo tena, mpaka mwenyewe akaliona jibu na kucheka, na ni watoto wale waliompa jina la Bi Tarehe, ambalo wengi wenu mnalijua kuliko jina lake la ubatizo.

Tarehe 4 Agosti 1979 alifunga ndoa na fundi umeme wa kiwanda cha sabuni, mtu wa maneno machache, aliyependa kuwaambia shemeji zake kwamba katika nyumba yake hakuna namna ya kushinda ugomvi, maana mwenzake anakumbuka ulianza siku gani na nani alikuwa amevaa nini, na Mungu akawajalia watoto wawili, binti ambaye ni muuguzi na mwana ambaye ni dereva wa lori, kabla ya mzee kututoka tarehe 19 Oktoba 2003.

Februari 1998 marehemu alihamia chuo cha kanisa, kuwaandaa wanafunzi wamisionari, yaani wale vijana ambao kabla ya kumaliza masomo hupelekwa mwaka mmoja kuwahudumia yatima katika nchi jirani iliyotoka vitani. Kuhusu kipindi hiki ofisi ya chuo ilituletea juzi karatasi, ikituomba tusome sentensi moja tu, nayo inasema, "Marehemu alihudumu chuoni kwa miaka ishirini na kustaafu kwa heshima." Tumeisoma. Hakustaafu, alifukuzwa, na tarehe ni Ijumaa, 2 Machi 2018.

Kazi yake chuoni ilikuwa masomo kumi na mawili ya historia ya nchi ile, kila Jumatatu mchana kwa muda wa saa tatu, tangu enzi za kale hadi watoto wa leo, na somo la kumi na moja ndilo alilokuwa akilifundisha amesimama, bila kukaa hata kidogo, kwa sababu ndimo alimoeleza kwamba wakati wa vita askari walifika vijijini na daftari, wakawapanga watu uwanjani, wakasoma majina kwa sauti, na kila aliyeitika akapandishwa lori na hakurudi. Kwa sababu hiyo, katika makao yale ya yatima, hakuna anayeita majina kutoka kwenye karatasi, walezi hupita asubuhi kati ya vitanda, wakimgusa kila mtoto begani na kuhesabu kimyakimya, na kwa miaka karibu ishirini vijana wetu walikwenda wakilijua jambo hilo, wakafanya vivyo hivyo, wakapendwa.

Julai 2017 alikuja mkurugenzi mpya wa huduma, ambaye tunamwona yupo nasi, naye akayapunguza masomo kumi na mawili yakawa mchana mmoja, akisema vijana wanasinzia na safari haisubiri, na marehemu alipomfuata ofisini alijibiwa mbele ya mhazini na karani, "Mama, sisi tunapeleka upendo. Historia watajisomea huko huko."

"Huko huko," akasema marehemu, "ndiko watakakoharibu."

Sasa tunafika mahali ambapo yeye mwenyewe, akiwa kitandani, alituagiza tusimfiche. Jumatatu, tarehe 11 Desemba 2017, alipewa zile saa tatu, na angeweza kuanza na somo la kumi na moja, lakini mtu aliyeanza mwanzo kwa miaka arobaini alianza mwanzo, akawapa vijana enzi za kale, misafara na mipaka, taratibu, bila kuruka, na kengele ilipolia alikuwa ndiyo kwanza anajenga reli. Aliwaambia mengine yote yamo kwenye maandishi aliyowachapia, wayasome njiani, na maandishi hayo yakafungwa katika sanduku moja na nguo za msaada, na sanduku likafika Februari.

Vijana wenyewe walifika mapema, na Jumanne, tarehe 9 Januari 2018, asubuhi yao ya kwanza kazini, kiongozi wao, kijana mwenye sauti nzuri na bidii ya kweli, alisimama barazani na daftari jipya alilopewa na chuo, akapuliza filimbi, akaanza kuita majina. Alipofika jina la tatu mpishi alitoka jikoni mbio, akimpungia mikono aache, naye akadhani mama anadai kuni, akamwambia asubiri, akaita la nne. Watoto wakubwa waliwabeba wadogo wakaruka ua, watoto arobaini na watatu, na hadi jioni walikuwa wamerudi arobaini na wawili, na yule aliyebaki, msichana wa miaka minane, alipatikana baada ya siku mbili katika shimo la wafyatua matofali, mguu umevunjika mara mbili, amejiziba mdomo kwa gauni lake ili asisikike. Leo anatembea kwa gongo.

Tarehe 26 Februari 2018 kamati ilikaa, na mkurugenzi akamwekea marehemu karatasi mezani, inayosema kwamba masomo yote kumi na mawili yalifundishwa na kwamba vijana walisahau wenyewe, akamweleza kwa upole sana kwamba akitia sahihi atabaki na darasa lake. Mnamjua mama mdogo, mnajua jinsi alivyolipenda lile darasa lenye dirisha moja na ramani iliyochanika, na tunaamini hakuna kitu alichowahi kukitamani kama ruhusa ya kuwafundisha vijana wa safari iliyofuata, wasije wakarudia. Aliisoma karatasi hadi mwisho, akasahihisha tarehe moja iliyokosewa, akairudisha bila sahihi. "Nusu ya kosa ni langu, nitaibeba," akasema. "Nusu yako usinitwike."

Siku nne baadaye aliondolewa, na mlinzi wa getini akaamriwa aupekue mkoba wake, mlinzi ambaye alikuwa mwanafunzi wake wa darasa la tatu, na ambaye, tunamshukuru, aliufungua mkoba huku anatazama mawingu. Mara nne katika mwaka ule marehemu aliandika barua kuomba vijana wanaofuata wafundishwe, na yeyote yule, si lazima yeye, na mara nne hakujibiwa, basi Jumatatu, tarehe 4 Machi 2019, akaanza kuwafundisha sebuleni kwake. Chuo kikabandika tangazo asubuhi ile ile kwamba atakayeonekana akiingia nyumba ile atafutwa safarini, kwa hiyo wakawa wanapitia uani kwa jirani yetu fundi cherehani, ambaye kwa wiki tisa alikuwa na wateja wengi wa suruali kuliko maisha yake yote.

Safari hii mama mdogo alifundisha kinyumenyume, jambo lililomgharimu, akiwaanzishia watoto wa leo, kisha vita, kisha kabla ya vita, na kabla ya hapo tena. Jumatatu ya kwanza alikuja pia yule kijana wa daftari, ambaye sasa ni mwalimu, akabisha hodi mlango wa mbele, mchana kweupe. Marehemu alimwacha amesimama kizingitini, akamuuliza tarehe ya siku ile ya filimbi, kijana akaitaja, akamuuliza majina manne aliyoita asubuhi ile, kijana akayataja yote huku machozi yanamtoka, na marehemu hakumwambia pole wala hakumwambia amesamehewa, alimwambia aingie aoshe vikombe, wageni ni wengi. Kijana hakukosa Jumatatu hata moja.

Maumivu ya tumbo yalimwanza Januari 2019, akayaficha, na baada ya somo la tisa, tarehe 29 Aprili, hakuweza kuinuka kitini, na tarehe 2 Mei hospitali ya wilaya ikathibitisha saratani ya kongosho. Jumanne, tarehe 28 Mei, saa kumi na robo, mkurugenzi alifika wodini na watu wanne na kamera, akitaka wapatanishwe, marehemu akageuzia uso ukutani, akamwambia binti yake, "Mwambie saa za kuona wagonjwa zimekwisha." Zilikuwa zimeanza robo saa iliyopita. Familia haimwombei radhi kwa hilo.

Alifariki Jumanne, tarehe 11 Juni 2019, saa moja na dakika kumi asubuhi, binti yake akiwa amemshika mkono, akiwa na umri wa miaka sitini na mitano, na ameacha watoto wawili, wajukuu watano, na masomo matatu ambayo hajayafundisha, yote yameandikwa kwa mkono wake na kufungwa kwa uzi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba sita, waliomtuliza maumivu na kumvumilia alipowasahihisha tarehe kwenye cheti chake cha matibabu, tunamshukuru fundi cherehani na majirani wote waliopika, waliochota maji na waliokesha nasi, tunawashukuru walimu wenzake wa shule ya msingi waliobeba jeneza kwa zamu, tunawashukuru na wale walimu wa chuo waliokuja leo ingawa walishauriwa wasije. Ofisi ya chuo tunaishukuru kwa viti hamsini, na tunaomba visichukuliwe kesho kama ilivyopangwa, bali Jumanne, kwa sababu keshokutwa Jumatatu, tarehe 17 Juni, saa kumi jioni, yule kijana wa daftari atafundisha somo la kumi papa hapa uani, na wanafunzi watakaosafiri Julai wataingia kwa mlango wa mbele. Mkurugenzi, kiti chako kipo, hicho hicho ulichokalia.

Mama mdogo, kazi yako imepata mikono, pumzika kwa amani.