Panya wa Daftari la Mwalimu Wilbard

Mheshimiwa Diwani, Baba Paroko, Mama yangu mzazi Monika uliyeketi hapo mbele na kitenge chako kipya, ndugu wageni waalikwa, wazee wangu wa Kagongwa: shikamooni. Na nyinyi rika langu, mwangaluka!

Nimeombwa, mimi Asteria, nikabidhi sanduku la marehemu baba yangu, Mwalimu Wilbard, kwenye chumba hiki cha kumbukumbu tunachokifungua leo. Humo mna picha za kikundi chake cha maigizo, matangazo aliyoyachora kwa mkaa, kofia ya polisi ya boksi, na daftari la mchezo wake mkubwa, ambamo Mama aliigiza mjane aliyekataa kurithiwa. Mtasema, makaratasi makuukuu haya ya nini? Nami nawauliza: bila haya, wajukuu wangeaminije kwamba bibi yao huyu mpole aliwahi kusimama jukwaani akawafokea wanaume wa Kagongwa nzima, nao wakampigia makofi?

Ndugu Edson, mtunza kumbukumbu wetu, ameiandikia kila karatasi maelezo yake. Kwa lile daftari ameandika: "Kurasa nne za mwisho zimeliwa na panya." Jana alinisomea ili nithibitishe, nikaitikia kwa kichwa. 

Ndugu zangu, panya ni mimi.

Nilikuwa darasa la nne. Siku ya mchezo nilikuwa nauza karanga nje ya ukumbi, karatasi za kufungia zikaniishia, nikachana kwa nyuma daftari la baba alilonipa nimshikie, kama tulivyozoea kuchana madaftari yetu ya shule. Watu wakatafuna karanga, wakatupa karatasi, wakaenda zao. Baba alipouliza, nikasema panya. Akaleta paka! Maskini, yule paka alisemwa mpaka akahama nyumba. Lakini baba alilifunga lile daftari akasema, "Kama kazi yangu ni chakula cha panya, basi." Hakuandika mchezo mwingine mpaka tunamzika, na hilo linaniuma hadi leo.

Mama peke yake aliuliza, "Panya gani huyu anayeanzia mwisho?" Ukaniangalia, Mama. Miaka arobaini na miwili umenyamaza.

Kwa hiyo, Ndugu Edson, tafadhali futa neno panya. Andika: zilichanwa na Asteria binti Wilbard, akafungia karanga. Chumba hiki kisianze kazi kwa uongo wangu.

Na wewe Mama, nisamehe. Maneno ya mwisho ya yule mjane hayapo tena kwenye karatasi yoyote, yako kwako tu. Simama, Mama, uyaseme, nasi tuandike. Safari hii karatasi nimekuja nazo mwenyewe, nne.

Ndugu wageni, asanteni kwa kunivumilia. Sasa msikilizeni yeye.