Ambujam Raghavan, kwa Sauti Yake Mwenyewe

Baada ya miaka arobaini na mmoja mbele na nyuma ya kamera, Bi. Ambujam Raghavan anastaafu Jumamosi hii, tarehe 31 Agosti. Wengi katika kazi yetu hustaafishwa na mikunjo ya uso, tena bila kuambiwa. Simu huacha tu kulia. Ambujam kajichagulia siku yake mwenyewe na kuitangaza, na wa kuudhika na audhike. Jarida hili la chama chetu cha wafanyakazi wa filamu limeniomba mimi, Kusumam, niandike machache juu yake, kwa kuwa kwa miaka kumi na mitano nilikuwa koo lake. Vijana waliojiunga juzi watashangaa, kwa hiyo nianze mwanzo.

Ambujam alizaliwa mjini Kollam, hapa jimboni Kerala, kusini mwa India, mtoto wa mbanguaji wa korosho, na yeye mwenyewe aliingia kiwandani kabla hajamaliza shule. Siku mwongozaji Damodaran alipokwenda kupiga picha pale, mwigizaji wake mkuu alishika korosho ya kwanza, mafuta ya ganda yakamchoma vidole, akalia, akapanda gari akaenda zake. Damodaran akamwita msichana mmoja wa mstari wa nyuma. Msichana akakaa, akabangua, akainua macho kwenye kamera, na kila mtu akasahau kwamba chakula cha mchana kinapoa. Kisha akafungua mdomo. Moshi wa tanuri ulikuwa umeshamkwaruza koo, na sauti ilitoka nzito, yenye mikwaruzo, kama mlango wa ghala.

"Uso tumepata," alisema Damodaran. "Sauti tutaazima."

Wakaazima yangu. Mimi nilikuwa na sauti ya asali na uso ambao hakuna aliyewahi kuuomba. Ambujam aliigiza huko Kollam na Alappuzha. Mimi nilijifungia studio Thiruvananthapuram, nikitazama midomo yake na kuijaza maneno. Jina langu halikuandikwa popote, maana watayarishaji hawakutaka watazamaji wajue. Kerala nzima ikampenda mwanamke ambaye hakuwepo, nusu yeye, nusu mimi.

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako, na sauti ya kuazima ndiyo kabisa. Siku moja Ambujam alikuwa sokoni. Mama muuza samaki akamkazia macho, akatabasamu hadi masikioni, mpaka Ambujam alipouliza bei.

"Aa, dada, sura mmefanana kweli," yule mama akamwambia. "Lakini kwa sauti hiyo hutamdanganya mtu. Chukua dagaa wako uende."

Ambujam alituhadithia kisa hicho huku akicheka. Niliona kwamba kicheko hakikufika mwisho.

Ukaja mwaka wa mgomo. Kiwanda alichokulia kilikuwa kimefunga chumba cha kulelea watoto, na watoto wachanga wakarudi kulala juu ya magunia kando ya tanuri, wakivuta moshi uleule uliomharibu yeye koo. Wabanguaji wakakaa getini. Wiki zikapita, mwenye kiwanda akiingia na kutoka, vioo vya gari vimepandishwa. Mwishowe wakamwita binti yao aje awasemee, maana akija mwigizaji, magazeti nayo huja.

Katibu wa chama chao, Sukumaran, mtu mwema mwenye mawazo ya ajabu, alitupokea asubuhi ile na mpango wake tayari.

"Watu wamekuja kusikia ile sauti ya kwenye filamu. Dada Kusumam atakaa nyuma ya bango na kipaza sauti. Wewe dada Ambujam, chezesha midomo tu. Si ndiyo kazi yenu?"

Hakuna aliyeona upuuzi wowote. Watu wa filamu tuliamini hakuna jambo lisilorekebishika kwa kutiwa sauti. Basi nikakaa juu ya gunia nyuma ya bango jekundu la kitambaa, fundi sauti wetu Varkey akiwa pembeni na nyaya zake. Ambujam akapanda jukwaani. Nikaanza kwa asali yote niliyojaliwa: mama zangu, dada zangu. Uwanja ukalipuka kwa vifijo. Nilijisikia malkia.

Mstari wa mbele alikuwepo Bi. Kalyani, aliyebangua korosho bega kwa bega na mama yake Ambujam mpaka vidole vikawa vyeusi moja kwa moja. Akasimama, mkono kiunoni.

"We Ambu! Hiyo sauti umeitoa wapi? Sisi hapa tumemeza moshi, wewe umemeza sukari? Nimekuja kukusikiliza wewe, mwanangu!"

Ambujam akafunga mdomo. Mimi nyuma ya bango sikuona kitu, nikaendelea kuhutubia. Watu wakaanza kucheka, kicheko kibaya, na msimamizi wa kiwanda aliyekuwa dirishani akacheka kuliko wote. Varkey akanifinya mkono. Mgomo mzima ulikuwa unakwenda kufia kwenye kicheko kile.

Ndipo Ambujam akageuka, akalivuta bango likaanguka, nikaonekana na gunia langu. Akanipokea kipaza sauti kwa upole.

"Huyu ni Kusumam," akasema, kwa sauti ile ya mlango wa ghala. "Sauti mnayoipenda ni yake, mpigieni makofi. Hii ninayosema nayo nimeipata humu kiwandani. Wanaolala kando ya tanuri leo watapata kama hii. Mnaitaka?"

Kisha wanawake wote wakajibu kwa pamoja, "Hatuitaki!"

Sijawahi kuona mtu akifurahi kiasi kile kwa sauti yake kukataliwa. Alicheka na kulia papo hapo, na safari hii alicheka mpaka mwisho. Chumba cha watoto kilifunguliwa kabla ya sikukuu ya mavuno ya Onam, mbali na tanuri, na kipo mpaka leo.

Gharama aliilipa. Alimwambia Damodaran kwamba kuanzia siku ile atajisemea mwenyewe, na Damodaran akatafuta uso mwingine. Miaka miwili simu haikulia. Ambujam akaacha kuingoja, akakusanya marafiki na kuongoza filamu yake ya kwanza, ambamo kila mtu alisema kwa koo alilozaliwa nalo. Mimi alinipa nafasi ya karani wa posta. Mama yangu aliitazama mara tatu, na mara zote tatu alilalamikia sari yangu. Na kama leo majina ya watia sauti yanaandikwa katika kila filamu ya chama chetu, ni kwa sababu Ambujam aligombana na watu ambao wengine tulikuwa tukiwaamkia kwa kuinama.

Tusimfanye malaika lakini. Chai ya mtu aliyeiacha dakika moja huinywa yeye, na nyimbo huziimba vibaya kwa moyo mkunjufu.

Sasa anarudi Kollam kuwafundisha uigizaji mabinti waliolelewa katika chumba kile. Wanapiga kelele kama kunguru, makoo safi kabisa, naye anasema hajasikia muziki mtamu kama huo. Asante, dada Ambujam, kwa uso wako, kwa ukali wako na kwa siku ile ulipoliangusha bango. Maisha mema yakupokee, na chai yako, safari hii, uinywe wewe mwenyewe ikiwa ya moto.

Jambo moja la mwisho. Mwaka huu koo lake limechoka, na sauti imebaki mnong'ono. Kamati ya sherehe, kwa wema uleule wa Sukumaran, iliniomba nimsomee hotuba yake. Nimekataa. Jumamosi atazungumza mwenyewe. Msipomsikia, msinitazame mimi. Sogezeni viti.